Wakristo wenzangu, shughuli zinatumaliza kimya kimya (uzi mrefu, vumilieni)

#1 (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zangu Wakatoliki, na wengine wote habari za leo. Hili jambo nimelibeba tangu mwezi wa kwanza, naandika nafuta, naandika nafuta, leo nimesema naliachia hapa hivyo hivyo lilivyo maana najua humu tupo wengi wa aina yangu.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mbeya, sio kubwa, nauza saruji, nondo, bati, misumari, rangi, mabomba, na nina kilori kimoja cha kupelekea watu mzigo saiti. Nimezaliwa kwenye Umoravian, babu yangu alibatizwa Rungwe, na kwetu kuomba asubuhi ilikuwa kama kunawa uso, hamna mtu alikuwa anauliza leo tunaomba au hatuombi. Kanisa sijawahi kuacha. Pombe sinywi, nyumba ndogo sina, sadaka natoa, ahadi namaliza kabla ya Desemba, na miaka 3 iliyopita wakanichagua kamati ya ujenzi ya usharika kwa sababu bei za vifaa nazijua. Kwa hiyo mtu akiniangalia kwa nje anasema huyu kaka yuko vizuri na Mungu wake.

Sasa mwezi wa kwanza mwanangu wa darasa la tatu alipewa kazi ya nyumbani ya somo la dini, aandike majina ya vitabu vya Agano la Kale, usiku akaniambia baba naomba Biblia yako. Nikatafuta kabatini hamna, kwenye meza ya TV hamna, ikabidi aandike kwa kuangalia kwenye simu ya mama yake. Kesho yake nikaikuta dukani, kwenye droo ya kaunta, chini ya vitabu vya risiti na mashine ya kukokotoa iliyokufa betri. Nikaifungua ikajifungukia yenyewe pale penye alama. Alama ni risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Mnazijua zile karatasi zinavyofifia, hii ilikuwa imebaki nyeupe na vijistari vya kijivu, nikaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango mpaka nikapata tarehe. Machi, mwaka juzi. Na pale ilipokaa ni Nehemia sura ya 3, penye yale majina majina ya waliojenga ukuta, fulani akajenga lango hili, na baada yake fulani akajenga kipande kile. Nilikuwa nasoma Biblia nzima kwa mpango wa mwaka mmoja, nikaishia hapo.

Kilichonitisha wakuu ni kwamba siikumbuki siku niliyoacha. Kama ningeanguka dhambini ningekumbuka, ningekuwa na tarehe, ningekuwa na mahali pa kurudi kutubu. Hapa hamna kitu. Lori la saruji limeshusha alfajiri, kesho yake fundi kapiga saa kumi na moja anataka nondo za mm 12 kabla zege halijaanza kumwagwa, keshokutwa nimechoka nikasema nitasoma usiku, usiku nahesabu mauzo, na hivyo hivyo mpaka asubuhi yangu ikawa inaanza kwa kupapasa simu chini ya mto kuangalia oda za wasapu hata macho hayajafunguka vizuri. Jumapili ndo usiseme. Nakaa benchi la katikati, simu nimeilaza ndani ya kitabu cha nyimbo, mchungaji anahubiri mimi namtajia mteja bei ya bati geji 28 na geji 30. Kuna siku niliitikia amina kwa sauti na sikujua nimeitikia nini.

Sasa kuna kitu kilikuwa kimetokea msimu wa nyuma ambacho sikukielewa mpaka hiyo siku ya risiti. Nililima eka 2 za mahindi kule Inyala. Palizi ya kwanza mahindi yakishaota wiki ya pili au ya tatu unatakiwa uwe umeingia na jembe, mimi duka lilikuwa limechanganya nikachelewa, nikaja kupalilia mahindi yako magotini. Ila yalikuwa kijani, marefu, mtu akipita barabarani anayasifia. Wakati wa kuvuna mama yangu akaja, ana miaka 70 na kitu, jembe kalishika tangu mtoto. Akavunja hindi moja, akalimenya maganda taratibu, ndani gunzi jembamba kama kidole na punje zimekaa moja huku moja kule kama meno ya mtoto anayeng'oa. Akavunja la pili, hivyo hivyo. Nikamwambia mama lakini si uliona yalivyokuwa kijani. Akasema, "Niliona mwanangu. Hayakufa. Hayakuzaa tu." Akaendelea kuvunja. Eka 2 nikatoa gunia 5.

Mfano wa mpanzi nimeusikia tangu nikiwa Shule ya Jumapili na siku zote najiweka kwenye udongo mzuri. Someni tena Marko 4 taratibu. Mbegu ya njiani ndege wanaila, ya kwenye mwamba jua linaiunguza inanyauka. Hizo mbili zimekufa, kila mtu anaona. Lakini ile ya kwenye miiba hakuna mahali pameandikwa imekufa, miiba ikaisonga haikuzaa, basi. Iko pale pale shambani imesimama. Inaweza kuwa kwaya, inaweza kuwa kamati ya ujenzi. Na Yesu alipoulizwa maana, mstari wa 19, hiyo miiba anaitaja kwa majina, shughuli za dunia, udanganyifu wa mali, na tamaa za mambo mengine. Neno la kwanza ni SHUGHULI. Hili hili letu la kila siku, "mtumishi shughuli zimebana", "nitakuja fellowship nikipunguza shughuli". Nimelitamka mara ngapi nikidhani natoa udhuru kumbe natoa ushuhuda wa hali yangu.

Na Luka 14 nayo ni hivyo hivyo. Wale walioalikwa karamuni wakaomba udhuru, mmoja kanunua shamba, mmoja kanunua ng'ombe jozi tano anaenda kuwajaribu, mmoja kaoa. Nitajieni hapo dhambi iko wapi. Shamba halali, ng'ombe halali, ndoa ndo kabisa Mungu mwenyewe kaiweka. Shetani hakuhitaji kuwapeleka baa hata mmoja.

Nilichofanya ni kidogo tu na sijidai nacho. Simu inalala jikoni, inachajiwa huko huko. Naamka saa kumi na moja kasoro, nakaa kwenye kiti cha plastiki uani na koti maana baridi ya Mbeya mnaijua, nasoma, naomba, nikimaliza ndo naenda kuishika. Jumapili duka limefungwa kutwa nzima. Na nasema ukweli kwa sababu humu watu wanapenda shuhuda za kwamba ukimtolea Mungu Jumapili anakurudishia Jumatatu mara mbili. Kwangu haijarudi. Kuna fundi mmoja mkubwa alikuwa ananunua Jumapili kahamia duka la jirani na hajarudi mpaka leo. Kwa hesabu za duka nimepungukiwa. Lakini kuna asubuhi nimekaa pale uani nikasikia kabisa nafsi yangu imetulia kama maji ya ndoo yaliyoachwa usiku kucha, kitu ambacho miaka miwili sikuwa nacho na sikujua sina.

Naombeni na ninyi mseme, hasa wenye biashara. Mmefanyaje?

#2

Mkuu umenikamata. Yangu imeishia Ayubu na alama ni tiketi ya basi. Sina la kuongeza, naenda kuitafuta.

#3

Kaka nimesoma yote na nimekuelewa ila ngoja nikwambie hali ya huku chini. Mimi ni bodaboda, pikipiki ya mkataba, kila siku tajiri anataka hesabu yake mvua inyeshe isinyeshe. Mke wangu alichukua kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, mtoto alipolazwa, marejesho kila jioni wanakuja mlangoni na daftari. Natoka saa kumi usiku kuwahi abiria wa stendi, narudi saa nne. Hiyo saa moja ya kukaa kwenye kiti uani naitoa wapi? Wewe shughuli zako ni miiba sawa, zangu ndo pumzi yenyewe. Nikiacha siku moja hatuli. Wakati mwingine nikisikia mafundisho ya tusisumbukie ya dunia naona kama wanaoyafundisha wameshakula.

#4 (mleta uzi)

Ndugu yangu asante kwa kusema bila kuficha, na nimekaa na komenti yako siku mbili kabla ya kujibu.

Kwanza sikuandika kwa ajili ya mtu aliye kwenye hali yako na nilipaswa kusema hivyo. Mimi nilisongwa na ziada. Ile Mathayo 6 tunayoipenda, "utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake, na hayo yote mtazidishiwa", watu wanaibandika kwenye kioo cha gari kana kwamba hayo yote ni gari lenyewe. Panda juu kidogo mstari wa 31 uone hayo yote ni nini, tule nini, tunywe nini, tuvae nini. Ni mambo yako wewe hasa. Na mstari wa 32 unasema Baba anajua mnayahitaji, hajasema ni ya kijinga. Waliokuwa wanamsikiliza ni watu wa kuomba riziki ya leo, ya leo tu, ndo maana sala yenyewe iko kwenye sura hiyo hiyo. Kwa hiyo unapomwambia Mungu "nipate hesabu ya leo" ukiwa umeshika usukani saa kumi usiku, mimi naamini uko ndani ya Mathayo 6 kuliko mimi na kiti changu.

Halafu kuna neno tunaliruka. Ufalme wake NA HAKI YAKE. Mimi ni kamati ya ujenzi, nimesimamia kununua vigae vya sakafu ya kanisa, na katika jumuiya yetu kuna mama alikuwa anakaushwa damu hivyo hivyo kama mkeo, nikajua, nikasema nitamwombea. Nikaenda kununua vigae. Kama nilikuwa natafuta ufalme kwanza basi nilitafuta nusu ya mstari. Hilo nimelipeleka kwenye kikao cha jumuiya wiki iliyopita, tumekubaliana watu 6 kumalizia deni la yule mama na atarudisha kidogo kidogo bila riba. Sikwambii ili nisifiwe, nakwambia kwa sababu komenti yako ndo iliyonisukuma.

#5

Mimi ni mkulima wa Kanda ya Ziwa, hilo la mahindi umesema kweli ila huku kwetu tuna kitu kibaya kuliko magugu, kiduha. Kile kina maua mazuri ya zambarau, mgeni anaweza kuchuma akapeleka nyumbani. Kazi yake inaanzia chini, kinashika mizizi ya mahindi au mtama kinanyonya humo humo kabla hakijatoka juu ya ardhi. Unaona mahindi yananyong'onyea kama yana kiu na mvua imenyesha jana. Siku unayokiona kimechomoza hasara imeshapita, na ukikiacha kitoe maua mbegu zake kama vumbi zinakaa ardhini zaidi ya miaka 10 zinasubiri upande tena. Mzee wangu alikuwa anasema king'oe kabla ya ua.

Kwangu kiduha kilikuwa ni kulinganisha. Stetasi za watu. Fulani kaezeka, fulani kapeleka mtoto intaneshno, naangalia tu wala sisemi kitu, ila nikipiga magoti maombi yangu yote yakawa orodha ya vitu nilivyoviona kwa watu. Mvua inanyesha, ibada sikosi, lakini nina kiu. Mleta uzi usiweke shughuli peke yake, hiyo ya tatu "tamaa za mambo mengine" ni pana kweli kweli.

#6

Samahani mimi naomba nitofautiane kidogo. Dada yangu alikolea hivyo hivyo, mambo ya kiroho kwanza. Jumatatu mkesha, Jumatano maombi ya mnyororo, Ijumaa mkesha, Jumamosi usafi wa kanisa. Watoto wanapikiwa na jirani, mkubwa wa miaka 11 ndo anawaogesha wadogo. Ukimwambia anasema adui anakutumia kunirudisha nyuma. Nyuzi kama hizi zinawapa watu kama yeye nguvu. Nani atawaambia?

#7 (mleta uzi)

Dada nitasema mimi, tena kwa Maandiko. 1 Timotheo 5:8, asiyewatunza walio wake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Paulo anayeandika hayo ndo yule yule anayesema yafikirini yaliyo juu, na yeye mwenyewe Korintho alikuwa anashona mahema na Akila na Prisila, Matendo 18. Na Martha kule Luka 10 alikuwa anahangaika kwa utumishi, utumishi wa Bwana mwenyewe aliyekaa sebuleni! Kwa hiyo mkesha nao unaweza kuwa shughuli. Unaweza kukesha siku nne kwa wiki ukiwa umesongwa vile vile, tofauti ni kwamba miiba yako imevaa kitambaa cheupe. Mtoto wa miaka 11 anayeogesha wenzake ndo aliyepewa dada yako na Mungu kwanza, kabla ya zamu ya maombi.

Niwape historia kidogo ya kanisa letu la Moravian maana mimi naishikilia sana. Agosti 1727 pale Herrnhut, Ujerumani, kijiji cha wakimbizi wa imani kutoka Moravia na Bohemia waliopewa hifadhi kwenye ardhi ya mkabaila mmoja Mkristo, Zinzendorf, watu 48, wanaume 24 na wanawake 24, waligawana saa za mchana na usiku ili maombi yasikatike. Mnyororo ule ukaenda kama miaka 100. Tukisimuliwa tunaona kama watu waliokuwa wanakaa tu kuomba, lakini hesabuni wenyewe, kila mtu alikuwa na saa yake MOJA. Saa zilizobaki walikuwa mafundi, wakulima, wazazi. Mwaka 1732 wawili wakatoka pale kwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibi kuhubiri kwa watumwa, Leonard Dober mfinyanzi na David Nitschmann seremala. Na 1891 wamisionari wa kanisa hilo hilo wakafika Rungwe, ndo babu yangu akapata wa kumbatiza. Nikiwa pale uani na koti langu huwa nawaza kuna mtu Herrnhut alikuwa na udongo kwenye kucha, kaiweka saa yake akaishika, akarudi kwenye gurudumu lake la ufinyanzi. Hajui kama kuna Mnyakyusa.

Mwambie dada yako hivyo kwa upole, saa moja iliyoshikwa kweli kweli, halafu arudi awaogeshe watoto, na kuogesha kwenyewe ni mbele za Mungu vile vile.

#8

Mimi ni nesi wodi ya wazazi, zamu zinabadilika, wiki hii usiku wiki ijayo mchana. Kila mtu anasema alfajiri alfajiri, mimi alfajiri naweza kuwa nimeshika kitoto kimetoka sasa hivi. Nimeshajaribu mipango mitatu ya kusoma Biblia yote imekufa. Nishaurini kitu kinachofanyika, sio mawazo makubwa.

#9

Nesi mwenzangu niko kituo cha afya wilayani. Nilichofanya ni kuacha kufuata saa nikafuata tukio. Nikivua sare, iwe asubuhi iwe usiku, sili na sigusi simu mpaka nimesoma sura moja. Kwa sababu sare kila zamu lazima uivue. Nina miezi 7 sijakosa zaidi ya mara nne tano hivi. Na zamu ikiwa mbaya sana, tumepoteza mama au mtoto, sisomi, nakaa tu na Zaburi imefunguliwa nalia, naihesabu kuwa nimesoma.

#10

#9 hiyo ya mwisho imenitoa machozi. Mungu akutunze dada.

Ni mimi wa #3 tena hapa, bodaboda. Mleta uzi nimekujibu inboksi. Yale ya "haki yake" nimemsomea mke wangu jana usiku, akaniambia rudia. Nikarudia.

#11 (mleta uzi)

Nimeona inboksi ndugu, tutaongea leo jioni nikifunga duka.

Nesi wetu #8 shika hiyo ya #9, ni bora kuliko yangu. Mimi mwenyewe siku nikisafiri kufuata mzigo Dar mpango wangu wa kiti cha uani unavunjika, najikuta nimeamka gesti simu iko mkononi, kwa hiyo nami naiba hapo, nitatafuta tukio la safarini.

Kuna aliyeniuliza inboksi kama nimeendelea na Nehemia, ndiyo, nilianzia pale pale sura ya 3, sikurudi mwanzo. Yale majina niliyoyakimbia mwaka juzi safari hii nimeyasoma moja moja kwa sauti, kuna wafua dhahabu mle, kuna mtengeneza manukato, kuna mmoja kajenga na binti zake, kuna wafanya biashara mstari wa 32. Watu wa maduka kabisa. Kadhaa wameandikiwa kwamba walijenga kipande kilichoelekea nyumba zao wenyewe. Nilikaa hapo asubuhi mbili.

Nimefika sura ya 8 sasa, Ezra anawasomea watu tangu mapambazuko mpaka adhuhuri wamesimama. Kesho naendelea, kwa hiyo anayeandika humu usiku asishangae kukosa jibu mapema, simu iko jikoni mpaka nimalize.